Gemu ngumu siyo gemu halisi, mwamuzi ni tairi

MEI 21, 2008. Uwanja wa Luzhniki, Moscow, mvua inanyesha. John Terry anasogea kupiga penalti ya tano ya Chelsea. Akifunga tu, kombe la Ulaya linakwenda London. Mguu wake wa kulia ndio unaopiga, lakini tatizo halikuanzia hapo. Mguu wa kushoto, ule wa kusimamia, uliteleza. Mpira ukagonga mwamba na Manchester United wakabeba kombe kwa matuta 6-5.

Aprili 27, 2014, Anfield. Steven Gerrard anakosea kuutuliza mpira katikati ya uwanja, anaugeukia, anateleza. Demba Ba anaondoka peke yake na kufunga. Chelsea wakashinda 2-0 na ndoto ya ubingwa ya Liverpool ikaanza kuyeyuka.

Nawataja mastaa hawa kwa sababu moja. Shabiki wa soka hahitaji kufundishwa mshiko ni nini. Anajua kwamba kipaji chote cha mchezaji kinasimama juu ya daluga zake. Daluga zikikataa kushika nyasi, hakuna Terry wala Gerrard.

Gari nalo ni hivyo hivyo. Injini, breki, usukani na jina la dereva vyote vinaishia kwenye matairi manne. Sehemu ya kila tairi inayogusa lami haizidi sana kiganja cha mkono wako. Viganja vinne tu ndivyo vinavyolibeba gari linalokwenda kilomita 250 kwa saa.

Sasa kuna ubishi kwenye vibanda vya gemu ambao kurasa za michezo zimeukwepa kwa muda mrefu. Upande mmoja kuna watu wa soka la kwenye runinga. Hao wanasema gemu za magari ni za watoto, unabonyeza mafuta mpaka mwisho, unagonga ukuta, unarudi barabarani na maisha yanaendelea. Upande wa pili kuna vijana waliojifunga usukani mezani. Hao wanajiona wataalamu, na kipimo chao ni kimoja tu: gemu ikiwa ngumu, gari likiserereka kama limewekwa juu ya sabuni, basi hiyo ndiyo halisi.

Kwangu mimi wote wamepotea, ila wa pili wamepotea zaidi, kwa sababu wao wanasikilizwa. Ugumu siyo uhalisia. Gemu halisi ni ile ambayo tairi lake linakuonya kabla halijakuacha, na linamlipa dereva anayelisikiliza. Hilo ndilo linaloweza kuufanya mchezo huu uwe mchezo kweli.

Tuanze na jinsi tairi linavyofanya kazi, maana hapa ndipo wengi wanapoachwa.

Watu wengi wanadhani tairi lina hali mbili, linashika au linateleza. Siyo kweli. Ukikata kona, tairi linaangalia upande mmoja na gari linaelekea upande mwingine kidogo. Mpira wa tairi unajipinda, na huko kujipinda ndiko kunakoleta nguvu ya kugeuza gari. Kadiri tofauti hiyo inavyoongezeka, mshiko nao unaongezeka, mpaka unafika kileleni. Kwa matairi ya kawaida kilele hicho kipo chini ya nyuzi 10. Ukipita hapo, mshiko unaanza kupungua.

Maana yake ni kwamba dereva mwenye kasi kuliko wote hayuko mahali pasipo na mtelezo kabisa. Yuko pale kileleni, anateleza kidogo sana, kiasi kwamba wewe uliyekaa kwenye kochi huoni chochote. Ukiona gari linatoa moshi na mkia unayumba, ujue dereva ameshapita kilele na anapoteza muda. Ni kama kiungo anayepiga chenga saba katikati ya uwanja. Jukwaa linashangilia, lakini timu haijasogea hata hatua moja.

Jambo la pili ni bajeti. Chukulia kila tairi lina shilingi mia. Unaweza kuzitumia kwenye breki, kwenye mafuta au kwenye kugeuza. Ukizitumia zote mia kwenye breki, ukikata usukani huna hata senti ya kununua kona. Gari linakwenda moja kwa moja kama halijakusikia. Ndiyo maana yule kijana anayeingia kwenye kona amekanyaga breki mpaka mwisho huku amekunja usukani kwa nguvu zote anaishia kwenye mchanga, halafu analaumu gemu.

Dereva mzuri anafanya matumizi kama mama mwenye nyumba. Anakanyaga breki kwa nguvu wakati gari limenyooka. Akianza kugeuza, anaiachia breki polepole, shilingi moja moja, na kila shilingi anayoitoa kwenye breki anaipeleka kwenye usukani. Akishapita katikati ya kona anaanza kunyoosha usukani, na zile shilingi zinahamia kwenye mafuta. Hakuna kinachofanyika ghafla.

Kuna kitu kingine hapo. Ukishika breki, uzito wa gari unahamia mbele, matairi ya mbele yanakandamizwa na kushika zaidi, ya nyuma yanakuwa mepesi. Ukikanyaga mafuta inakuwa kinyume chake. Kwa hiyo pedali mbili zile siyo za kwenda na kusimama tu. Ni za kuamua tairi gani lipewe kazi. Ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona kwa sababu umeogopa, unayanyang'anya uzito matairi ya nyuma wakati yanauhitaji, na mkia unakupita. Wengi wanaita hiyo bahati mbaya. Hapana, ni hesabu.

Na hapa ndipo gemu inapojulikana kama ni ya kweli au ya kubahatisha. Tairi halisi linazungumza kabla ya kuachia. Mbele kukianza kuchoka, usukani unakuwa mwepesi mkononi. Sauti ya tairi inabadilika, inaanza kulia taratibu kabla ya kupiga kelele. Nyuma kukianza kutoka, kuna muda mfupi wa kurudisha usukani na kuliokoa gari. Gemu ambayo gari linatoka kwenye mshiko kamili na kuingia kwenye kuzunguka kama pia, bila onyo na bila nafasi ya kuokoa, haijawa halisi. Ni sawa na refa anayetoa kadi nyekundu kwa faulo ya kwanza halafu anasifiwa kwamba ni mkali.

Watengenezaji wenyewe wanajua kazi hii ni ngumu. Kuna mtaalamu wa Uholanzi, Hans Pacejka wa chuo kikuu cha Delft, aliyefariki 2017. Hesabu yake ya tairi ilikuwa maarufu kiasi cha kupewa jina la kanuni ya kimiujiza. Haikuwa na muujiza wowote. Tairi linapimwa maabara, halafu hesabu inachora mstari unaofuata vipimo vile. Tatizo ni kwamba vipimo hivyo vinakuwa vizuri pale tairi linapofanya kazi kawaida. Tairi likishateleza vibaya, likawaka moto na kuanza kulika, vipimo vya kuaminika vinakuwa vichache. Hapo mtengenezaji anajaza pengo mwenyewe, na hapo ndipo magomvi yanapoanza.

Ona iRacing, iliyoanza 2008 na inayotumiwa hata na madereva wa kulipwa. Imefumua matairi yake zaidi ya mara moja, kwa sababu wachezaji walikuwa wakilalamika kwamba ukiteleza kidogo tu gari halirudi. Waliolalamika siyo watoto wanaotaka mteremko. Ni watu waliokwishaendesha magari ya mbio na kujua kwamba gari halisi linakusamehe zaidi ya hapo. Hebu fikiria, watu wa mbio za kweli wanasema gemu ni ngumu kuliko gari, halafu sisi vijiweni tunasema ugumu ndio uhalisia!

Jambo la tatu ni pumzi. Tairi lina pumzi kama beki wa pembeni. Likiwa la baridi halishiki, ndiyo maana madereva wa Formula One huyumbisha magari kushoto na kulia kabla ya mbio kuanza. Matairi yao hufanya kazi vizuri yakiwa kwenye joto la karibu nyuzi 100. Likizidi joto linakuwa kama ugali uliokosa unga, linateleza juu ya lami. Joto likipanda, upepo wa ndani nao unapanda. Wachezaji wa Assetto Corsa Competizione, gemu ya Waitaliano wa Kunos Simulazioni, wanaweza kumaliza jioni nzima wakitafuta upepo wa karibu psi 26 hadi 27 tairi likiwa la moto. Mtu akiwatazama anadhani wamechanganyikiwa. Kumbe ndiyo maandalizi ya mechi yenyewe.

Anayeendesha kwa fujo analipasha tairi joto, mshiko unapungua, anateleza zaidi, na kuteleza kunaongeza joto. Baada ya mizunguko mitano gari lake haliendesheki na anasema usukani umeharibika. Ni winga aliyekimbia mbio za mita 100 kila shambulizi, dakika ya 60 anashika kiuno.

Kwa anayetaka mfano wa kweli, arudi Silverstone, Agosti 2, 2020. Gari la usalama liliingia mapema, madereva wengi wakabadilisha matairi wakati huo na kulazimika kuyatumia yale yale kwa karibu mizunguko 40. Mwishoni kabisa matairi ya mbele kushoto yakaanza kusalimu amri. Valtteri Bottas alikuwa wa pili, likapasuka, akaangukia nafasi ya 11. Carlos Sainz naye likamkuta, akatoka nje ya pointi. Lewis Hamilton, aliyekuwa anaongoza, lilimpasukia mzunguko wa mwisho. Akaliburuta gari kwa matairi matatu mpaka kwenye mstari na kumshinda Max Verstappen kwa sekunde zisizofika sita. Verstappen alikuwa ameingia kubadilisha matairi muda mfupi kabla.

Ile ilikuwa drama ya dakika za nyongeza, na mchezaji wa mechi alikuwa tairi. Sasa niambie, mashindano mangapi ya gemu za magari unayoyajua wewe ambayo uchakavu wa tairi umewashwa? Kwenye mengi wanauzima. Wanachagua tairi laini kuliko yote, lile lenye mshiko mkubwa, halafu wanaliambia lisichoke. Ni sawa na kucheza soka la runinga ambalo wachezaji hawachoki na hawapati kadi. Utapata mshindi, sawa, lakini ameshinda nini?

Najua jibu litakalokuja. Kwamba huo ni mchezo tu, watu wanataka raha. Sikatai. Gemu za raha zina nafasi yake, kama ndondo ilivyo na nafasi yake. Lakini tusiichanganye ndondo na ligi. Ukitaka kijana wako aitwe dereva, umpe tairi la dereva.

Na hapa siongei nadharia. Jann Mardenborough ni mtoto wa mwanasoka. Baba yake, Steve Mardenborough, alicheza ligi za Uingereza, zikiwemo Cardiff na Darlington. Mtoto hakufuata mpira. Mwaka 2011, akiwa na miaka 19, alishinda mashindano ya GT Academy yaliyokuwa yanatafuta madereva kupitia gemu ya Gran Turismo. Miaka miwili baadaye, 2013, alikuwa Le Mans, mbio za saa 24 nchini Ufaransa, na timu yake ikashika nafasi ya tatu katika daraja la LMP2. Mmoja wa wenzake kwenye gari lile alikuwa Lucas Ordóñez wa Hispania, naye zao la GT Academy hiyo hiyo. Filamu ya Gran Turismo ya 2023 inamhusu Jann.

Vijana hawa hawakupanda kwa sababu ya kubonyeza haraka. Kwenye mbio za magari pesa ndiyo huchuja watu kabla ya kipaji. Matairi ya mbio, mafuta, fundi, uwanja, vyote ni gharama, na mtoto wa mtu wa kawaida anaishia kutazama. Tairi la kwenye gemu unaweza kuliharibu mara elfu moja kwa siku bila kumwomba baba hela. Lakini litakufundisha endapo tu linasema ukweli. Ukilifundishwa na tairi la uongo, siku ukipewa gari la kweli utalivuruga kwenye kona ya kwanza.

Sisemi gemu inafundisha kila kitu. Haikufundishi hofu. Machi 2015, Mardenborough huyo huyo alipata ajali Nürburgring, Ujerumani. Gari lake lilinyanyuka mbele, likaruka uzio, mtazamaji mmoja akafariki. Hakuna kitufe cha kurudia baada ya hapo. Gemu haina uzito wa mwili unaovutwa kwenye kona, haina joto la ndani ya gari, haina familia inayosubiri nyumbani. Kinachovuka kutoka kwenye runinga kwenda barabarani ni hisia ya mshiko na nidhamu ya mguu. Siyo vitu vidogo hivyo, lakini siyo vyote.

Kama bado unaona ni utoto, kamuulize Verstappen. Julai 2024, wikiendi ya mbio za Hungary, bingwa huyo wa dunia alikesha kwenye mbio za mtandaoni za saa 24 na timu yake ya Team Redline. Kesho yake alimaliza wa tano na watu wakamsema sana. Mimi pia naona alipaswa kulala. Lakini mtu mwenye gari la kweli la Formula One anapoamua kukesha na tairi la kompyuta, ujue kuna kitu analipata humo.

Afrika Mashariki nasi tumo kwenye mjadala huu, tena kupitia mlango mkubwa. Moja ya gemu za rali zinazoheshimiwa kuliko zote ni Richard Burns Rally ya 2004. Hadi leo kuna watu wanaicheza na kuifanyia ukarabati wenyewe, na sababu kubwa ni jinsi gari lake linavyoshika barabara. Huyo Burns aliyeipa jina ni Mwingereza aliyeshinda Safari Rally mara mbili, 1998 na 2000, kabla ya kuwa bingwa wa dunia 2001. Na ukifungua EA Sports WRC ya 2023, Safari Rally ya Kenya imo ndani, vumbi lake na mawe yake.

Huko Naivasha somo linabadilika. Juu ya changarawe, kuteleza siyo dhambi. Tairi linachimba, linasukuma udongo, na gari linaingia kwenye kona kwa ubavu. Kwa hiyo yule aliyekariri kwamba dereva mzuri hatelezi kamwe naye ataumbuka. Mtindo wa kuendesha unaletwa na sehemu unayokanyaga, kama vile pasi za chini zinavyofaa kwenye nyasi nzuri na kukataa kwenye uwanja wa vumbi. Lakini hata huko tairi ni mwamuzi. Mwaka 2022 Sébastien Ogier alikuwa anaongoza Safari, akapata pancha, akapoteza zaidi ya dakika mbili na kumaliza wa nne. Kalle Rovanperä akachukua ushindi. Ogier siyo mtu wa kufundishwa kuendesha. Jiwe moja tu lilitosha.

Mlango wenyewe uko wazi. Programu ya FIA Rally Star ilitumia gemu ya WRC kama moja ya njia za kuwachuja vijana duniani. Romet Jürgenson wa Estonia, aliyetokea kwenye programu hiyo, alikuwa bingwa wa dunia wa rali kwa vijana 2024. Kijana wa Nakuru au Arusha mwenye kipaji anaweza kujikuta anapimwa kwa njia kama hiyo siku moja. Swali ni kama atakuwa amezoea tairi gani.

Kwa hiyo wewe mwenye pedi mkononi, huna haja ya kununua usukani wa bei mbaya kesho asubuhi. Anza kwa kuzima misaada, mmoja mmoja. Zima kwanza ule mstari wa rangi unaokuonyesha wapi ushike breki, ujifunze kutazama barabara. Kisha punguza ule msaada unaozuia matairi kuzunguka bure, ujifunze kukanyaga mafuta kwa nusu, robo, robo tatu. Wengi hawajui kwamba kitufe cha mafuta kina nusu. Wanakibonyeza kama kile cha kukimbia kwenye soka, mwanzo wa mechi hadi mwisho. Chagua gari dogo lenye tairi la kawaida, siyo gari la mbio. Endesha mizunguko 20 bila kugonga, uangalie kama mzunguko wa 20 unafanana na wa tano. Ukifanana, umeanza kuendesha.

Na ninyi mnaoandaa mashindano, ombi langu ni dogo na halina gharama. Washeni uchakavu wa tairi. Wapeni wote gari la aina moja. Fanyeni mbio ziwe ndefu kiasi cha kumlazimisha mtu achague kati ya kukimbia sasa na kubakisha kitu cha baadaye. Mtashangaa mabingwa wenu wa sasa watakavyopukutika, na yule kijana mkimya wa kwenye kona, ambaye gari lake halipigi kelele, atakavyowapita mmoja baada ya mwingine katika mizunguko mitano ya mwisho.